Madaftari Uliyoyanunia Masasi

Newala, Alhamisi jioni

Mwanangu Editha,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa heshima zote zinazostahili tukio la namna hii, ninautangazia ukoo wetu wote, wa Newala, wa Makote na wa Masasi, kwamba leo alasiri mbuzi wa jirani yetu Mama Fidelisi ameila barua yako. Ameila akiwa amesimama, bila haraka, huku akinitazama machoni. Marehemu alikuwa na mwanzo mzuri sana ambao sitaukumbuka tena. Mazishi hayatakuwapo, kwa kuwa mwili haukupatikana.

Hii unayoisoma ni ya pili. Ajali yenyewe ilikuwa hivi. Nilikuwa nimetandaza barazani karatasi za aina mbili, kila moja nimeiwekea kijiwe juu: ile nyororo inayong'aa uliyoipenda wewe, na ile ya kukwaruza niliyoipenda mimi. Kwenye hiyo ya kukwaruza ndiko nilikokuandikia. Nikaingia ndani kuongeza wino. Kutoka nje, nikakuta mbuzi ameshamaliza ya kukwaruza, na ile inayong'aa ameinusa tu akaiacha. Mama yako alikuwa amekaa pale anapepeta mchele, hakuinua hata mkono kumfukuza.

"Baba Editha," akaniambia, "si ulikuwa unatafuta shahidi? Huyo."

Najua hapo ulipo unajizuia usicheke. Tangu jana tulipotoka Masasi hujanipa maneno zaidi ya "shikamoo, baba" na "chakula tayari." Kwenye lori ulikwenda kukaa upande wa magunia ya korosho, ukageuza uso nje njia nzima kama mtu aliyetumwa kukagua mikorosho. Kesho asubuhi unaondoka kwenda chuo cha ualimu, na mimi sitaki uondoke na mdomo huo mrefu, ingawa nakiri unakupendeza, umeurithi kwa mama yako. Kwa hiyo sitakuambia habari za kufunga sanduku, wala za kuchemsha maji, wala nani umsalimie njiani. Hayo mama yako ameyasema, na ataendelea kuyasema mpaka lori lipotee kwenye kona. Mimi nataka kukueleza jambo moja: kwa nini mtu mzima, mwalimu, mzee wa kanisa, aligombana na watu dukani kwa ajili ya daftari. Ukishasoma, utaamua mwenyewe kama nasameheka.

Kwanza, nakubali nilizidisha. Saidi anayeuza pale dukani ni Myao, mtani wangu tangu ujana, kwa hiyo nikajiona niko kwangu. Nilishika kila daftari, nikalipapasa kwa dole gumba, nikalinyanyua kwenye mwanga wa mlango, nikatoa kalamu yangu ya wino nikaandika jina lako ukurasa wa mwisho, nikageuza nione kama wino umetokea upande wa pili. Halafu nikanusa. Hapo ndipo Saidi alipopata nafasi yake.

"Wewe Mmakonde, hilo ni daftari au ni tumbaku?"

"Myao atajua nini," nikamjibu. "Karatasi kwenu ni ya kufungia sukari."

"Na sukari hiyo ndiyo mnayoishukia huku. Huko juu kwenu mna nini? Hata maji hamna."

Watu wakacheka, nami nikazidi kunoga. Sikuwatazama wale wasichana wawili wa Mkomaindo waliosimama karibu nawe, ambao mtakuwa wote chuoni, kila mmoja ameshika daftari nyororo lenye picha ya Malkia juu ya jalada. Wewe nawe ulikuwa umeshika lako. Nikakunyang'anya. Nikaandika jina lako, wino ukasimama juu ya karatasi kama matone juu ya sahani yenye mafuta. Nikapitisha kidole, jina likawa mkia wa mjusi. Nikaliinua watu walione. "Mnaona? Editha kafutika!"

Msichana mmoja alicheka. Wewe ukaangalia sakafu. "Baba, tafadhali," ulisema. Nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kueleza. Huo ndio ugonjwa wangu, mwanangu. Nikiona mtu ana aibu, namweleza.

Basi acha nieleze vizuri, mara moja, ukiwa huwezi kunikatiza.

Kalamu hii nilipewa nilipomaliza masomo, na mwalimu wangu aliyekuwa akirudi kwao ng'ambo. Mpaka siku hiyo nilikuwa mtu wa kalamu ya kuchovya, mtu wa kwenda na kurudi kwenye kidau kama kuku anywaye maji. Sasa nikawa na kalamu inayobeba wino wake yenyewe tumboni. Nilivimba. Jumapili ya kwanza niliitia kwenye mfuko wa shati jeupe, kichwa chini, nikaenda kanisani nikakaa mbele kusudi watu waione. Tulipofika kwenye Nasadiki, bibi mmoja akaniinamia kwa nyuma akaninong'oneza, "Mwalimu, unavuja." Watu waliiona kweli. Mama mzaa mama yako alikuwepo, na miaka mingi baadaye bado alikuwa akiniita yule kijana anayevuja.

Halafu kukaja habari ya korosho. Msimu wake ukifika, mnajua nilivyo. Nilikuwa nabeba zilizochomwa mfukoni, naita majina ya watoto asubuhi huku natafuna. Kumbe vidole vyangu vina mafuta, na pale dole gumba linaposhika ukurasa, wino unakataa kushika. Unaandika, na herufi zinajikusanya kama watoto wanaoogopa maji ya baridi, kisha zinatoweka. Msimamizi wa shule alikuja kukagua daftari la mahudhurio, akalifunua, akakunja uso. "Mwalimu, mbona watoto wa juu ya kila ukurasa hawaji shuleni?" Nikamjibu kuwa wana homa. Wote? Wote, bwana, ni homa ya ukoo.

Ila kosa la watu wa huku hasa, ambalo mtu wa Lindi hawezi kulifanya hata akijitahidi, ni la karatasi ya Masasi. Masasi iko chini, jua linapiga majabali yale mpaka hewa inakauka, na karatasi nayo inakauka kama ganda la karanga. Ukiijaribu dukani saa za mchana, karatasi yoyote inakuwa na tabia njema. Unaipandisha Newala umefurahi. Asubuhi ukungu umepanda kutoka lile bonde la Shimo la Mungu, umeingia mpaka chini ya blanketi, na karatasi ileile imelegea kama kisamvu kilichokwisha kuiva. Ukiandika "a", inaota miguu inatembea. Walimu wangapi wa huku wamenunua wakicheka wakaandika wakilia! Siku hizi mimi nikipata karatasi mpya naitundika dirishani usiku kucha, naijaribu ukungu ukiwa bado umo ndani. Ila sijapata mwenye duka wa kunisubiri mpaka ukungu uje. Ndiyo maana dukani napapasa na kunusa. Natafuta kujua itakavyokuwa nyumbani.

Ninachotafuta ni karatasi yenye ngozi. Isiwe ngumu kama ile ya mifuko ya saruji. Hiyo inang'oa nyuzi, zinang'ang'ania kwenye ncha, kalamu inaota ndevu na kila herufi inakuwa mzee. Isiwe laini kama ile ya Malkia. Iwe katikati. Ukiipapasa taratibu iwe kama shavu la baba yako aliyenyoa jana. Ukiiandikia, iunywe wino bila kulewa, na usikie sauti ndogo, kama kuku anayechakura mbali.

Na iuzuie mkono kidogo. Hili ndilo nililochelewa kulijua kuliko yote. Karatasi laini inaukimbiza mkono, na mkono ukishakimbia, akili inabaki nyuma ikiita. Unamjua baba yako mdogo wa Masasi, yule mnayependa mizaha yake. Kulikuwa na wakati tuligombana kwa sababu ya mpaka wa mikorosho ya marehemu baba yetu. Niliketi nikamwandikia kwenye karatasi nyororo, na kalamu ikateleza kama mtu anayeshuka mlima wenye matope. Nilimaliza kabla hasira yenyewe haijaisha kupanda. Nilikuwa nimemwita mambo ambayo sikuwa hata nimeyafikiria. Nikaituma. Tulipita msimu mzima wa korosho tukikutana njiani kama watu wasiojuana, na mama yetu alikuwa hai bado, akituangalia. Mwishowe yeye ndiye aliyekuja kubisha hodi, si mimi niliyekuwa mkubwa. Alileta mabibo kwenye kapu, akasema, "Kaka, mwandiko wako mzuri sana, ila sikuupenda." Nilimkaribisha, tukala mabibo.

Sikwambii usikasirike. Utakasirika, chuoni kuna wasichana wengi na bafu chache. Nakwambia tu kuwa karatasi inayokwaruza imeniokoa mara nyingi baada ya hapo, kwa sababu nikifika mstari wa tatu mkono unachoka, na hasira yangu, namshukuru Mungu, ni mvivu.

Haya basi, madaftari. Yale ya kukwaruza yamo sandukuni, chini ya mashuka. Juu ya mashuka utaona lile la Malkia. Saidi amelituma leo kwa dereva wa lori, na salamu zake: "Mwambie mtani binti asiadhibiwe kwa kosa la kuzaliwa na Mmakonde." Nimeona ana haki. Niliandika jina lako vibaya mbele za watu, na huna budi kuwa na daftari ambalo hujachaguliwa na mtu. Lipi utaliandikia, utajua mwenyewe.

Hapo ningefunga barua. Lakini mama yako, anayeisoma juu ya bega langu tangu nilipoanza ukurasa huu, ameniuliza, "Na ile barua nyingine? Anakwenda bila kuijua?" Amekwenda jikoni na kuniacha na kazi.

Umesikia tangu ukiwa mdogo kwamba mama yako nilimpata kwa barua. Shangazi zako huisimulia kila harusi: barua ya posa iliposomwa Makote, babu yako Nalinga, mjomba wa mama yako, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye kauli, alitokwa na machozi akasema, "Mpeni." Na ulipoanza kusifiwa shuleni kwa kuandika, watu wakasema umerithi mkono wa baba. Kila waliposema hivyo mimi nilikohoa. Ulidhani ni kifua.

Ilivyokuwa kweli ni hivi.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyemtaka Agnesi, mama yako. Alikuwa na shamba kubwa la mikorosho na baiskeli yenye taa. Mimi nilikuwa na kalamu. Mjomba Nalinga alikuwa karibu kumkubali yule wa taa, na hakuna aliyekuwa amemwuliza Agnesi chochote, kwa sababu si desturi. Saidi, ambaye siku hizo alikuwa anachuuza huku Newala, akasema atakuwa mshenga wangu, ila niandike upesi.

Nilishuka Masasi nikanunua karatasi nzuri kuliko zote, inang'aa kama bati jipya. Nikarudi nayo, nikaandika Jumapili asubuhi, ukungu umejaa chumbani. Wino ulikaa juu juu kama umande kwenye jani la gimbi. Nje Saidi alikuwa anapiga kengele ya baiskeli aliyoazima. "Mmakonde, unaandika Biblia?" Sikungoja ikauke. Niliikunja mara mbili nikampa, akaitia ndani ya shati, akaendesha kwenye mchanga wote ule mpaka Makote huku anatoka jasho.

Wazee walikuwa wamekaa wanangoja. Mjomba alipokea barua kwa mikono miwili, akatafuta katekista aisome, maana yeye hakujua kusoma. Katekista alikuwa amekwenda Masasi kung'olewa jino. Pale nyumbani mtu mmoja tu alijua kusoma, naye ni yule anayeposwa, aliyesomeshwa misheni. Wazee wakapiga kelele.

"Msichana ajisomee posa yake? Tumeishiwa na haya?"

"Basi soma wewe," mjomba akamwambia aliyepiga kelele zaidi.

Yule mzee akatazama barua, akatazama miguu yake.

"Asome akiwa ndani," mjomba akasema. "Sisi tutasikia sauti, hatutamwona."

Barua ikapitishwa kwenye upenyo wa mlango. Kukawa kimya. Saidi, aliyekaa mwisho wa mkeka, alidhani msichana amezidiwa na maneno yangu. Maneno gani? Mama yako alifungua karatasi akakuta ziwa la buluu. Juu lilibaki neno "Kwa", chini likabaki jina langu. Katikati, jasho la Myao na ukungu wa Newala.

Angeweza kusema haisomeki, watu wakaondoka, na baiskeli ikaja kumchukua. Mama yako akasafisha koo, akaanza kusoma.

"Mjomba, shikamoo. Mimi mwalimu sina mikorosho, na hata baiskeli iliyoleta barua hii ni ya mtu. Namwomba Agnesi kwa sababu anapoimba mimi napotea kwenye wimbo. Akitaka kufundisha, afundishe, sitamfungia ndani. Na kwa kuwa maji yako mbali, chini bondeni, nami nina miguu miwili kama yeye, nitateremka kuchota mwenyewe kila Jumamosi, mchana, watu wakiniona."

Alisoma polepole, bila kukwama. Alichokitaka kwa mume alikisema chote, mbele ya mjomba wake na wazee wa ukoo, na hakuna aliyeweza kumwambia anyamaze, kwa sababu aliyekuwa anasema ni mimi.

"Mwanamume achote maji?" wazee wakaulizana. "Ameandika hivyo kweli?"

"Ameandika," sauti ikasema kutoka ndani. "Na jina ametia."

Mjomba Nalinga akajifuta macho. Saidi ananiapia kuwa uani kulikuwa na korosho zinachomwa na moshi ulikuwa unakuja upande wa mjomba. Baada ya hapo akasema, "Mtu anayethubutu kuandika hayo na kutia jina lake, mpeni."

Saidi alirudi jioni akanikuta nimekaa mlangoni, sijala. "Hongera, mtani. Jumamosi unateremka."

"Nateremka wapi?"

Ahadi zangu zote, mwanangu, nilizisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa Myao. Nilidhani ni utani, nikacheka mpaka akaudhika. Jumamosi asubuhi nikabishiwa hodi. Alikuwa mjomba Nalinga mwenyewe, ameshika ndoo. Nikavaa viatu. Wanawake tuliokutana nao njiani waliweka mitungi yao chini ili wapate kucheka vizuri. Jumamosi hii pia nitateremka, Mungu akipenda, ila nitateremka polepole, magoti si yale.

Kwa hiyo sijui sasa nikushauri nini kuhusu karatasi. Ile niliyoitukana Masasi mbele ya wenzako ndiyo iliyonipa mama yako, na wewe. Kama ningechagua vizuri siku ile, barua ingefika imeandikwa safi, kila herufi mahali pake, na mama yako angelazimika kuisoma ilivyo.

Aliniuliza baada ya harusi. "Hasa ulikuwa umeandika nini?" Nikamtajia kwa kichwa, maana nilikuwa nimeinakili mara nyingi. Nilijifunza kuandika barua kwa kuomba chaki kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, sikujua namna nyingine. "Kwa heshima na taadhima, ninaleta mbele yako ombi langu la mchumba mmoja, nikitumaini litapata kibali. Mimi ni mtumishi wako mtiifu."

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta uso na upindo wa khanga.

"Mchumba mmoja!" akasema. "Ningeisoma hiyo, sasa hivi ningekuwa napanda baiskeli yenye taa."

Baba yako